Ukuta, mswada na meli iliyozama: tumsikilize nani kwanza?

Ubishi wa mambo ya kale siku hizi unajulikana unavyoenda. Mmoja anaweka picha ya jengo kubwa la mawe, mwingine anakuja na ukurasa wa kitabu cha mwaka sijui gani huko, wa tatu anasema mbona juzi tu wamekuta meli imejaa dhahabu, na kila mmoja anaona kashamaliza kesi, jengo si mnaliona, kitabu si mnakisoma, dhahabu si hiyo hapo, mnataka nini tena? Mimi naona hapo kesi ndo kwanza inaanza. Hao ni mashahidi watatu na kila mmoja ana lake analoficha, na ukimchukua mmoja peke yake ukamwamini mzima mzima utaingizwa mjini mchana kweupe.

Angalia jengo. Lililofika mpaka leo limefika kwa sababu lilijengwa kwa mawe, na enzi hizo nani alikuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe? Mfalme, tajiri, nyumba ya ibada. Mswada nao umefika kwa sababu kila baada ya miaka kadhaa alitokea mtu akaona unafaa kunakiliwa upya, asingetokea huyo ungeliwa na mchwa na tusingejua hata kama uliwahi kuwepo. Ila meli iliyozama hakuna aliyeichagua. Ilizama ikiwa kazini, mzigo wa tajiri na chungu cha mpishi na viatu vya baharia vikashuka pamoja siku moja. Kwahiyo msimamo wangu nausema mapema ili tusisumbuane huko mbele: kitu ambacho aliyekiacha hakuwa na habari kwamba iko siku tutakichunguza kina uzito kuliko kile alichokiandaa ili tukione. Kasoro yake ni moja tu, hakiongei chenyewe, na wanaokifanya kiongee ni hao mashahidi wawili wengine ambao nimetoka kuwasema vibaya.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua uko Misri, kwenye ghuba ya Abu Qir karibu na Alexandria. Waandishi wa Kigiriki walikuwa wanautaja mji wa bandari unaoitwa Heracleion, maandishi ya Kimisri yanautaja mji wa bandari unaoitwa Thonis, na juu ya ardhi hakuna hata mmoja uliokuwa unaonekana, basi wasomi wakakaa miaka na miaka wakihesabu miji miwili iliyopotea. Mwaka 2000 timu ya mtafiti Mfaransa Franck Goddio ikishirikiana na mamlaka za Misri ikakuta mji chini ya bahari, kilomita kadhaa kutoka ufukweni, kina chenyewe kama mita 10 tu, kuta za hekalu zimelala kwenye tope. Kutoka humo likatolewa jiwe lenye urefu wa karibu mita 2, limechongwa amri ya Farao Nectanebo wa Kwanza kuhusu ushuru wa bidhaa zinazoingia kutoka bahari ya Wagiriki, na amri yenyewe inaagiza jiwe hilo lisimikwe Thonis. Pacha wa jiwe hilo alishapatikana Naukratis, mji mwingine wa Misri, tangu 1899, maneno karibu yaleyale. Kumbe miji miwili ilikuwa mmoja.

Sasa hiyo bado ni amri ya serikali, ilichongwa ili isomwe. Utamu wenyewe uko kwenye tope la bandari, ambako wamekuta mabaki ya vyombo zaidi ya 60. Herodotus, yule Mgiriki aliyetembea Misri karne ya 5 kabla ya Kristo, aliacha maelezo ya jinsi mafundi wa mto Nile walivyokuwa wanaunda vyombo vya mizigo: wanakata mbao fupi za mgunga, wanazipanga kama tofali, wanazifunga kwa ndimi ndefu za mbao zinazopita kutoka ubao hadi ubao, hawaweki mataruma (mbavu za chombo), na usukani unapitishwa kwenye tundu la mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Mtu anayejua vyombo akisoma hayo anashtuka, maana usukani wa kutoboa mkuku ni jambo la ajabu kweli, na kwa muda mrefu wasomi walikuwa wanabishana kama mzee alielewa alichokiona au alisimuliwa tu na mtu wa bandarini akaandika. Mwaka 2019 ukatoka uchambuzi kamili wa chombo namba 17 kutoka Thonis, na humo mbao za mgunga zipo, ndimi ndefu zipo, na tundu la usukani kwenye mkuku lipo.

Tafakari hapo kidogo. Maandishi yalikuwepo zaidi ya miaka 2,400 na hayakutosha, kwa sababu maneno matupu unaweza kuyakataa. Na chombo chenyewe kingeibuka bila yale maandishi, wangebaki wanajikuna kichwa hilo tundu lilikuwa la nini. Fundi aliyetoboa hakuwa anatuachia ujumbe wowote, alikuwa anatafuta riziki, na ndo maana tundu lake halina sababu ya kudanganya.

Nirudi kwenye majengo, maana huko ndo watu wanaongoza kwa kusoma wanachotaka wenyewe. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika Great Zimbabwe, akaona kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wa kushikiza, nyingine zinafika mita 11 kwenda juu. Akachukua kipande cha ubao wa juu ya mlango, kina harufu nzuri na rangi nyekundunyekundu, akakilinganisha na mbao ya penseli yake, akaona vinafanana, akahitimisha kwamba ni mwerezi wa Lebanoni, kwa hiyo ni Wafoinike, wale wafanyabiashara wa kale wa pwani ya Lebanoni, walioleta, kwa hiyo ni jumba la Malkia wa Sheba. Yaani kutoka penseli hadi Malkia wa Sheba kwa hatua tatu! Mti wenyewe ulikuwa wa kwao hukohuko. Lakini angalia kilichomponza, alikuja na maandishi kichwani, Biblia na simulizi za dhahabu ya Ofiri, na jengo akalifanya lijibu swali ambalo maandishi yalishalijibu kabla hajafika.

Baada yake mambo yakawa mabaya zaidi. Richard Hall aliyewekwa kulitunza eneo kati ya 1902 na 1904 alifyeka na kuchimba udongo akautupa kwa kina cha mita kadhaa, akisema anaondoa uchafu wa Waafrika ili jengo la wajenzi wa kale lionekane. Huo uchafu ndo ulikuwa ushahidi. Vyungu vyao, majivu yao, sakafu za nyumba zao za udongo, vitu ambavyo hakuna aliyeviacha kwa makusudi, na ndivyo pekee vilivyokuwa na uwezo wa kusema nani aliishi pale na lini. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alipokwenda 1905 akachimba sehemu ambazo Hall hakuzigusa, akasema hii ni kazi ya Waafrika, mwenzake Gertrude Caton-Thompson akaenda 1929 akasema hivyohivyo, na bado serikali ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) iliendelea kuwabana wanaosema hivyo mpaka miaka ya 1970. Kwahiyo mtu akikuletea picha ya ukuta mkubwa na kukuuliza "unadhani nani alijenga hii?" mwulize kwanza udongo uliokuwa chini ya ukuta umeenda wapi.

Kilwa nako kuna mkanganyiko mtamu sana wa aina nyingine. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika 1331, na kitabu cha safari zake kinasema nyumba za mji ni za mbao, mapaa ya majani. Ukienda Kilwa Kisiwani leo unachokiona ni mawe, msikiti mkuu wa mawe ya matumbawe, na Husuni Kubwa jumba lenye vyumba zaidi ya 100 lililojengwa na Sultan al-Hasan bin Sulaiman, huyohuyo aliyempokea Ibn Battuta. Sasa nani mwongo? Wapo walioona msafiri kachanganya miji, na si ajabu, simulizi aliitoa Moroko zaidi ya miaka 20 baadaye ikaandikwa na mtu mwingine. Lakini mimi siamini kwamba alichanganya kabisa. Wachimbaji waliohangaika na mabaki ya miji ya pwani wamekuta alama za nyumba nyingi za miti na udongo, zile ambazo mvua inazimaliza ndani ya miaka michache tu zikiachwa. Ibn Battuta aliuona mji ukiwa na watu wake wote, sisi tunaona kilichobaki cha wenye nacho. Kwa hilo naupa mswada ushindi dhidi ya jengo, ingawa kasahau jumba la mwenyeji wake, jambo ambalo mgeni mwenye adabu asingelisahau. Na kuna sarafu moja ya shaba ya huyo Sultan al-Hasan ilipatikana Great Zimbabwe, ndani kabisa ya bara. Sarafu moja tu imedondoka, lakini inaifunga miji hiyo miwili kuliko kitabu chochote.

Majengo yana tatizo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni kwamba hayakai bila kazi. Parthenon ya Athens ilianza kama hekalu, ikawa kanisa, ikawa msikiti, alafu Waosmani wakaifanya ghala la baruti na mwaka 1687 bomu la Waveneti likatua humo ndani. Tunayoipiga picha ni matokeo ya hayo yote. Mawe ya Colosseum yamebebwa kujenga kwingine huko Roma. Kila kilichofaa nchi kavu kilitumika tena, na kwa shaba ndo balaa, sanamu nyingi sana za shaba za Wagiriki ziliyeyushwa zikawa vitu vingine, ndo maana sanamu bora tulizonazo leo nyingi zimetoka baharini, kama zile mbili za Riace zilizoonekana 1972 pwani ya Italia. Chuma chakavu kilikuwa biashara kabla yetu.

Sasa miswada. Kosa la wengi ni kudhani mswada wa kale ni sauti ya aliyeandika, wakati mara nyingi ni sauti ya mnakili wa kumi na tano. Tarehe ya mlipuko wa volkano ya Vesuvius uliofunika mji wa Kirumi wa Pompeii mwaka 79 ilikuwa inafundishwa kama sala, tarehe 24 Agosti, kwa sababu Mrumi Plinius Mdogo aliandika hivyo kwenye barua yake kwa Tacitus. Ila barua aliiandika miaka mingi baada ya tukio, na ya mkono wake hatuna, tuna nakala za zama za kati na zote hazikubaliani. Wachimbaji nao walikuwa wanakuta matunda ya vuli na majiko ya kuotea moto, wakawa wanaguna tu. Mwaka 2018 kwenye nyumba iliyokuwa inakarabatiwa likaonekana andiko la mkaa ukutani, maneno ya kawaida kabisa ya mtu wa nyumbani, lina tarehe ya Kirumi inayoangukia 17 Oktoba. Mkaa haudumu, maana yake liliandikwa muda mfupi tu kabla ya mlipuko. Kwahiyo wengi wakasema mlipuko ulikuwa Oktoba, si Agosti. Andiko halina mwaka, kwahiyo wapo wanaosema laweza kuwa la mwaka uliotangulia, na ubishi haujafungwa. Lakini mimi nikiambiwa nichague kati ya barua ya mtu anayejua anaandikia mwanahistoria, iliyopita kwenye mikono ya wanakili karne na karne, na mkaa wa mtu aliyekuwa anajiandikia mambo yake ukutani, najua nitaegemea wapi.

Na miswada mizuri kuliko yote kwangu ni ile iliyosalimika kwa ajali. Kuna kitabu cha Archimedes, yule Mgiriki bingwa wa hesabu, kilichonakiliwa kwenye ngozi karne ya 10, karne ya 13 kasisi mmoja alihitaji ngozi ya kuandikia sala, akakikwangua, akazigeuza karatasi, akaandika sala juu yake. Mtu ukisikia hivyo unamlaani kasisi. Lakini kitabu cha hesabu kisichosomwa na mtu kingetupwa, kitabu cha sala kilitunzwa, kwahiyo aliyekifuta ndo aliyekiokoa. Msomi wa Denmark Johan Heiberg akakigundua 1906 chini ya zile sala, kikapotea tena, 1998 kikauzwa mnadani kwa dola milioni 2, alafu wataalamu wakakaa nacho Baltimore miaka karibu kumi wakikipiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kwa eksirei inayotambua madini ya chuma yaliyokuwa kwenye wino wa zamani, mpaka maandishi ya chini yakasomeka. Cairo ya zamani nako Wayahudi wa sinagogi la Ben Ezra walikuwa hawatupi karatasi yenye jina la Mungu, wanaiweka kwenye chumba, na kwa kuwa barua za biashara nazo huanza kwa jina la Mungu basi zikaingia humohumo, vipande karibu laki nne: madeni, mahari, watoto wanajifunza herufi, wafanyabiashara wanalalamikiana kuhusu mizigo ya Aden na India. Hakuna mfalme aliyeagiza kumbukumbu hizo zitunzwe, ndo maana zinasema kweli.

Baharini sasa, ambako moyo wangu uko. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo kusini mwa Uturuki aliwaambia watu ameona chini vyuma kama biskuti zenye masikio. Walioelewa wakajua ni vipande vya shaba ya kale, na chombo cha Uluburun kikawa kimepatikana. Kilikuwa kimelala kwenye mteremko kati ya mita 44 na 61, kina ambacho mzamiaji anapata dakika chache tu za kazi, kwahiyo uchimbaji ulianza 1984 ukamalizika 1994 na ukala mizamo 22,413. Humo kulikuwa na shaba kama tani 10 na bati kama tani 1, uwiano wa kutengenezea shaba nyeusi, vipande vya kioo cha buluu, magogo ya mpingo, pembe za ndovu, meno ya kiboko, kito cha dhahabu chenye jina la Malkia Nefertiti, na kibao cha mbao cha kuandikia kinachokunjwa katikati. Chombo kimoja cha karne ya 14 kabla ya Kristo kimebeba vitu vya Afrika, Kupro, Mesopotamia na Ugiriki pamoja.

Karibu miaka 100 kabla ya hapo, mwaka 1887, zilishapatikana barua za udongo za Amarna huko Misri, ambamo wafalme wanaitana ndugu na kutumiana zawadi, mmoja anatuma shaba, mwingine anaomba dhahabu, mwingine anaombwa kioo. Ukizisoma peke yake unaona urafiki wa wakubwa. Ukiweka mzigo wa Uluburun pembeni unaona biashara nzito ya malighafi, na zile "zawadi" zinaanza kunuka ankara. Mwanaakiolojia George Bass, aliyeanzisha kazi hii ya kuchimba meli zilizozama kwa kuzamia mwenyewe Cape Gelidonya, Uturuki, mwaka 1960, alikuwa ameshasema mapema kwamba mabaharia wa Mashariki ya Karibu walikuwa na nguvu baharini enzi hizo, wakati wasomi wengi waliamini bahari ilikuwa mali ya Wagiriki wa Mykene kwa sababu vyungu vyao ndo vimejaa kila mahali nchi kavu. Hawakumsikiliza. Chungu hakisemi kilibebwa na nani.

Mfano wa Vasa nauleta kwa wanaopenda ripoti za tume. Manowari ya mfalme wa Uswidi, iling'oa nanga kwa safari yake ya kwanza tarehe 10 Agosti 1628, ikaenda kama mita 1,300, upepo ukavuma kidogo ikalala ubavu ikazama mbele ya watu wa Stockholm wakiitazama. Tume ikakaa, mashahidi wakahojiwa, hakuna aliyetiwa hatiani, na si ajabu kwa sababu vipimo mfalme mwenyewe alivipitisha na fundi mkuu alikuwa ameshafariki. Makaratasi ya tume yapo mpaka leo. Ila meli ilipoinuliwa 1961, ikiwa karibu nzima kwa kuwa maji ya Baltiki hayana chumvi ya kuwafaa wale wadudu wanaotoboa mbao, wataalamu wakakuta ndani rula nne za mafundi, mbili za futi ya Uswidi yenye inchi 12 na mbili za futi ya Amsterdam yenye inchi 11, na ubavu mmoja wa meli una mbao nene kuliko mwingine. Mafundi wa meli moja walikuwa wanapima kwa futi mbili tofauti, hakuna shahidi aliyelitaja hilo, na pengine hakuna aliyelijua. Sisemi rula peke yake ilizamisha meli, uzito wa juu na mizinga 64 ulitosha, lakini tume ingeziona rula hizo ingekuwa na maswali mengine ya kuuliza.

Hata hivyo bahari nayo si malaika, na wanaoishabikia kupita kiasi niwaguse kidogo. Inatunza kwa upendeleo. Meli ya Kirumi iliyobeba mitungi ya divai inaacha kilima cha mitungi ambacho mzamiaji atakiona kwa mbali, mitungi inazikinga mbao za chini zisiliwe. Meli iliyobeba nafaka kwenye magunia au nguo haiachi kitu, mzigo unaoza, mbao zinaliwa, inaisha. Ukihesabu meli zilizopatikana ukasema Warumi walisafirisha divai kuliko ngano umeshapotea, na watu wamepotea kweli hapo.

Alafu wapo wanaowahi kabla ya mtaalamu. Mwaka 1998 wazamiaji wa majongoo bahari huko Belitung, Indonesia, walikuta chombo cha karne ya 9 kimejaa vyombo vya kauri vya China, kama 60,000, bakuli moja ina tarehe ya mwaka 826. Chombo chenyewe mbao zake zimeshonwa kwa kamba, hakina misumari, uundaji wa bahari yetu hii ya Hindi, kimekwenda mpaka upande ule. Kampuni ya kibiashara ikapewa kibali, ikaopoa haraka, shehena ikauzwa Singapore kwa takriban dola milioni 32. Mwaka 2011 maonyesho yaliyopangwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani, yakakwama kwa sababu wanaakiolojia walipinga namna mali ilivyotolewa. Watetezi wanasema bila kampuni wavuvi wangeuza kila kitu kipande kipande, na ni kweli, uporaji ulishaanza. Lakini shehena ikiopolewa mbiombio unapata bakuli na unapoteza ilipokuwa imekaa, ililala juu ya nini, ubao upi ulikuwa karibu, yaani ile sehemu ambayo haikuandaliwa na mtu. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unakataza kufanya biashara ya urithi uliokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi, umeanza kutumika 2009, ila mataifa makubwa ya baharini kama Marekani na Uingereza hayajauridhia. Na ndo maana habari za San José, meli ya Hispania iliyozamishwa na Waingereza 1708 karibu na Cartagena ya Kolombia ikaonekana 2015, kila mara ni za mabilioni ya dola na kesi za nani mwenye mali.

Linganisha na São José, jina linafanana lakini ni meli nyingine kabisa. Meli hii ya Ureno iliondoka Msumbiji Desemba 1794 imebeba zaidi ya watu 400 waliokamatwa, inaelekea Brazil, ikavunjika kwenye mwamba karibu na Cape Town, karibu nusu ya wale watu wakafa na waliopona wakauzwa palepale. Wasaka hazina waliigusa miaka ya 1980, wakaona ni meli ya Waholanzi isiyo na la maana, wakaendelea na safari zao. Kilichobadilisha mambo ni makaratasi. Kwenye nyaraka za Cape Town ulikuwepo ushahidi wa nahodha akieleza meli ilivyovunjika, maelezo ya mtu anayejitetea kwa kupoteza mzigo, na nyaraka za Ureno zinaonyesha meli ilipakia vyuma vya kuipa uzito kabla ya kwenda Msumbiji. Wazamiaji wa mradi wa Slave Wrecks, unaotafuta meli za watumwa zilizozama, wakavikuta vile vyuma kwenye mabaki, na 2015 wakatangaza ni yenyewe.

Kwa nini vyuma? Kwa sababu miili ya watu ni myepesi kuliko bidhaa na haitulii, meli ya watumwa ikiondoka bila uzito wa kuisawazisha inapinduka. Kwahiyo mtu fulani huko Lisbon alikaa akapiga hesabu ya uzito wa watu ambao bado hawajakamatwa, akapakia chuma cha kufidia. Nahodha hakulisema hilo kwenye utetezi wake kwa sababu kwake lilikuwa jambo la kawaida, na kipande cha chuma peke yake mwambani kisingekuambia kitu, wasaka hazina walipita juu yake.

Safari za kuvusha watumwa Atlantiki zilizoorodheshwa mpaka sasa ni kama 36,000. Meli zilizozama zikiwa na watu ndani na kuchimbwa kitaalamu ni za kuhesabu kwa vidole. Si bahari iliyokataa kuzitoa, San José iko mita kama 600 chini na ilionekana, roboti zipo, vyombo vya kupiga picha sakafu ya bahari vipo. Anayelipia utafutaji ndo anaamua kitafutwe nini, na vyuma vya kusawazishia meli havina mnunuzi.